Mgongo wa chura huanza pale tumbo linaponyamazishwa

Saa kumi hivi baada ya yai la chura kurutubishwa, kwenye nusu yake nyeupe hujitokeza mkunjo mwembamba, kama alama ya ukucha iliyobonyezwa kwenye unga uliokandwa. Huo ndio mdomo wa juu wa blastopori, mahali seli za nje zinapoanza kuzama ndani. Kata kipande kidogo juu tu ya mkunjo huo, kipachike upande wa tumbo wa kiinitete kingine cha umri uleule, kisha subiri siku mbili. Utapata viluwiluwi viwili vilivyoungana matumbo, kila kimoja na notokodi yake, yaani fimbo laini inayotangulia uti wa mgongo, na ubongo wake.

Hilde Mangold aliifanya kazi hiyo katika maabara ya Hans Spemann mjini Freiburg, Ujerumani. Alitumia salamanda wa majini wa aina mbili, mmoja mwenye rangi na mwingine mweupe, ili baadaye aweze kutambua seli za nani zimejenga nini. Jibu lilishangaza: mfumo wa neva wa yule pacha haukutoka kwenye kipande kilichopandikizwa, bali karibu wote ulitoka kwa mwenyeji. Seli zilizokuwa njiani kuwa ngozi ya tumbo zilibadilishiwa njia na jirani mgeni. Makala yao ilitoka mwaka 1924, na mwaka huohuo Hilde akafariki kwa ajali ya moto wa jiko, akiwa na miaka 25. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Kipande kile huitwa kipangaji cha Spemann. Tafadhali tusiseme mpangaji. Mpangaji hulipa kodi. Kipangaji hutoa kodini, protini ambayo itachukua nafasi kubwa ya makala haya.

Baada ya 1924 kilianza kipindi kirefu cha kutafuta kemikali iliyomo ndani ya kipangaji, na kwa miaka karibu sabini hakuna aliyeipata. Katika miaka ya 1930 ilionekana kwamba hata kipangaji kilichokufa, na hata kemikali zisizohusiana na kiinitete hata kidogo, ziliweza kuigeuza ngozi changa ya salamanda kuwa neva. Wengi walikata tamaa. Kwa maoni yangu kilichowachelewesha kilikuwa swali lenyewe zaidi ya vifaa duni: walikuwa wakitafuta amri inayosema “kuwa ubongo”. Amri ya namna hiyo haikuwepo. Amri iliyokuwepo ilisema “kuwa tumbo”, ilitolewa karibu kila mahali kwenye kiinitete, na kazi ya kipangaji ilikuwa kuizima kabla haijazifikia seli za upande wake.

Amri ya tumbo

Amri hiyo hubebwa na protini za kundi la BMP (bone morphogenetic protein). Jina lao linatokana na mifupa, kwa sababu walianza kujulikana kutokana na kazi ya Marshall Urist ya mwaka 1965, alipoonyesha kwamba unga wa mfupa uliotolewa madini unaweza kuotesha mfupa mpya ndani ya misuli. Kwenye kiinitete cha chura mifupa bado iko mbali sana, lakini protini ni zilezile: BMP2, BMP4, BMP7, na ndugu yao mwenye tabia ya ajabu, ADMP, ambaye tutamrudia.

BMP4 huanza kama mnyororo wa amino asidi 400 hivi. Kipande cha mwanzo ni kitambulisho kinachouingiza mnyororo kwenye retikulamu ya endoplazimu, yaani njia ya bidhaa zote zinazotoka nje ya seli. Humo minyororo miwili huunganishwa kwa daraja la salfa. Halafu kimeng'enya kiitwacho furini hukata sehemu kubwa ya mbele, na kinachobaki ni pacha mdogo, kila mnyororo ukiwa na amino asidi kama 115. Pacha huyo hutoka nje ya seli na kuanza kutafuta vipokezi.

Vipokezi ni vya aina mbili, na BMP huvishika vyote kwa pamoja. Cha pili hukitia cha kwanza fosfeti, cha kwanza huitia fosfeti protini ya ndani iitwayo Smad1 pamoja na ndugu zake, na Smad1 hushikana na Smad4 kuingia kwenye kiini cha seli. (Kiswahili kinatutega hapa, maana kiini cha yai ni kitu kingine kabisa. Popote nisemapo kiini bila kutaja yai, nina maana ya kile chenye DNA.) Huko ndani huwashwa jeni kama vent1 na vent2, na jeni hizo huzima jeni za mgongo. BMP ikiwa nyingi, tabaka la nje huwa ngozi na tabaka la kati huwa damu. Ikiwa ya kadiri, tabaka la kati hutoa figo na misuli. Ikikaribia kutokuwepo, hupatikana notokodi chini na ubongo juu.

Ushahidi kwamba neva ndiyo hali inayobaki amri ikiondolewa ulitoka kwenye jaribio jepesi kuliko yote katika fani hii. Kofia ya juu ya blastula (kiinitete kikiwa bado mpira wa seli), ile yenye rangi nyeusi, ukiikata na kuiacha peke yake kwenye maji ya chumvi hujikunja kuwa kidonge cha ngozi. Mwaka 1989 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kwamba ukizitenganisha seli za kofia hiyo kwenye maji yasiyo na kalsiamu wala magnesiamu, ukaziacha zikielea kwa saa kadhaa kisha ukazirundika tena, hupati ngozi bali neva. Hakuna aliyeziambia kitu; zilichofanyiwa ni kutengwa na majirani. Baadaye, mwaka 1995, ilionyeshwa kwamba ukiongeza BMP4 kwenye seli hizo zilizotenganishwa, zinarudi kuwa ngozi.

Jaribio hilo huelezwa vitabuni kana kwamba ni safi kabisa. Si safi kiasi hicho. Kutenganisha seli kunawasha pia njia nyingine, ile ya kimeng'enya cha MAPK, na MAPK huitia Smad1 fosfeti katikati ya mnyororo wake, mahali ambapo fosfeti huidhoofisha badala ya kuiwasha. Kwa hiyo seli zilizotenganishwa zimepoteza BMP ya nje na pia zimefungwa breki ya ndani. Matokeo ni yaleyale, sababu ni mbili. Anayelirudia jaribio hili bila kupima MAPK hajui sababu ipi imemfanyia kazi.

Vizima-sauti

Protini ya kwanza ya kipangaji yenye uwezo huo kutambuliwa ilikuwa nogini, mwaka 1992, katika maabara ya Richard Harland huko Berkeley, Marekani. Njia waliyotumia inastahili kusimuliwa. Viinitete vikichomwa kwa miale ya urujuanimno upande wa chini muda mfupi baada ya kurutubishwa, havipati mgongo: vinabaki vipande vya tumbo, mviringo bila kichwa wala mkia. Vikilowekwa kwenye chumvi ya lithiamu vikiwa na seli 32 hivi, hutokea kinyume chake, vinakuwa karibu vyote mgongo na kichwa. Basi walichukua mRNA, ujumbe ambao seli huusoma kutengeneza protini, kutoka kwa viinitete vya lithiamu, vyenye kipangaji kupita kiasi, wakatengeneza maktaba ya nakala za jeni, kisha wakadunga mafungu ya nakala hizo kwenye viinitete vya urujuanimno. Fungu lililorudisha mgongo liligawanywa, likadungwa tena, likagawanywa tena, mpaka ikabaki nakala moja. Hawakuhitaji kujua protini inafananaje. Kiinitete chenyewe ndicho kilichokuwa kipimo.

Kodini ilipatikana mwaka 1994 katika maabara ya Edward De Robertis, Los Angeles, kwa kutafuta jeni zinazosomwa kwenye mdomo wa blastopori. Folistatini, kizima-sauti cha tatu, ilikuwa ikijulikana tayari kwa kazi nyingine. Mwaka 1996 ikathibitika kwamba nogini na kodini hazigusi kipokezi chochote. Zinaishika BMP yenyewe nje ya seli na kuifunika sehemu ambayo ingeshika kipokezi.

Hapa namba zina maana. Nogini huishika BMP4 kwa nguvu inayopimwa karibu pikomola 20 (namba ikiwa ndogo, mshiko ni mkali zaidi). Kodini karibu pikomola 300. Kwa haraka mtu angesema nogini ni bora mara kumi na tano, kodini ya nini? Ila nogini ikishika haiachi, na hakuna mkasi unaojulikana kuikata kwenye kiinitete hiki. Kodini ni kubwa, uzito wa kilodaltoni 120, ina vifundo vinne vyenye sisteini nyingi vinavyoshika BMP, na ina sehemu mbili zinazoweza kukatwa, moja baada ya kifundo cha kwanza na nyingine baada ya cha tatu. Udhaifu huo ndio unaoipa thamani. Mzigo ulioshikwa na kodini unaweza kusafirishwa na kuteremshwa mbali. Mzigo ulioshikwa na nogini umezikwa.

Mkasi, na anayeuzuia mkasi

Mkasi unaitwa toloidi, kimeng'enya kinachotegemea zinki. Hukata kodini iliyo peke yake na hata kodini iliyoshika BMP, na BMP ikaachiwa ikiwa hai. Ukimwongezea kiinitete toloidi anakuwa tumbo zaidi, si kwa sababu toloidi inatoa amri yoyote, ila kwa kuwa imewakata waliokuwa wakiizima amri.

Sasa fuata mzigo. Upande wa mgongo kodini hutolewa kwa wingi, hushika BMP, na pamoja na protini saidizi iitwayo Tsg huunda kundi la watatu. Tsg ina nyuso mbili: huifanya kodini ishike BMP vizuri zaidi, na papo hapo huirahisishia toloidi kukata. Ukisoma ripoti moja utaambiwa Tsg inazuia BMP, ukisoma nyingine utaambiwa inaisaidia, na zote ni kweli kutegemea kodini nzima ni kiasi gani mahali palipopimwa. Kundi hilo husambaa kuelekea tumboni ambako kodini mpya haitengenezwi. Toloidi hukata, BMP inashuka, na tumbo linapata BMP zaidi ya ile iliyotengenezwa hapohapo.

Toloidi ikiachwa huru ingemaliza kodini yote. Anayeizuia ni sizoldi, protini ndogo ambayo kwa sura ni jamaa ya vizuizi vya Wnt, kundi jingine la protini za amri, lakini katika kazi hii haina habari na Wnt. Sizoldi huingia kwenye mdomo wa toloidi kama mfupa kwenye koo, haikatwi, na huizuia toloidi isimeng'enye kodini. Jambo la kutazama ni mahali inapotengenezwa: ni upande wa tumbo, na jeni yake huwashwa na BMP yenyewe. Kwa maneno mengine, BMP ikizidi, sizoldi inaongezeka, toloidi inapungua kasi, kodini inadumu, na BMP inashushwa.

Upande wa pili kuna ADMP. Huyu ni BMP kamili kwa tabia, anawasha Smad1 kupitia kipokezi kiitwacho ALK2, lakini hutengenezwa ndani ya kipangaji, katikati kabisa ya vizima-sauti! Sababu ni kwamba jeni yake huzimwa na BMP. BMP ikipungua kupita kiasi, ADMP hupanda, hushikwa na kodini, husafirishwa hadi tumboni, toloidi humfungua, naye hujazia pengo. Kila ncha ya kiinitete ina BMP yake na kizuizi chake, na jeni za pande hizo mbili huendeshwa kinyume: cha huku kikipanda, cha kule kinashuka. Ni kama watoto wawili kwenye pembea ya ubao, hakuna anayeweza kusogea bila mwenzake kuhisi.

Utaratibu huu unajibu swali la zamani. Ukikata blastula ya chura katikati kwa makini, nusu yenye mgongo haifi wala haiwi nusu ya mnyama. Inatoa kiluwiluwi kizima, kidogo, chenye uwiano sahihi. Nusu ya tumbo inabaki kipande cha tumbo. Mwaka 2005 Bruno Reversade na De Robertis walionyesha kwamba nusu ya mgongo ikinyimwa ADMP, haiwezi tena kujirekebisha. Katika kazi hiyohiyo waliondoa BMP2, BMP4 na BMP7 kwa pamoja, na bado ngozi kiasi ilibaki. Walipoiongeza ADMP kwenye orodha ya walioondolewa, tabaka lote la nje likageuka kuwa neva, mzunguko mzima. Kwangu hicho ndicho kipimo kikali kuliko vyote cha hoja ya makala haya: hawakuongeza protini hata moja ya kipangaji, waliondoa amri tu, na ubongo ukajaa kiinitete.

Kinyume chake nacho kimepimwa. Ukiondoa kodini peke yake, kiluwiluwi kinapona kwa kiasi: kichwa kidogo, tishu za tumbo nyingi, lakini mgongo upo. Ukiondoa kodini, nogini na folistatini kwa pamoja, kazi iliyofanywa na maabara ya Harland kwa chura wa aina ya Xenopus tropicalis, mgongo unapotea. Watu waliosema kodini si muhimu kwa kuwa kuiondoa peke yake hakuui mnyama walikuwa wamesoma nusu ya hesabu. Kipangaji cha Spemann kilichotolewa kodini na kupandikizwa kwingine hakiwezi kuanzisha pacha. Nyumbani kwake wenzake humfichia pengo. Ugenini hana wa kumfichia.

Je, kodini husafiri kweli, au ni michoro ya ubaoni tu? Kingamwili dhidi ya kodini ya kiinitete chenyewe ilitoa picha mwaka 2013. Kodini hupita kwenye mwanya mwembamba unaotenganisha tabaka la nje na tabaka la kati, ufa wa Brachet, uliojaa fibronektini (protini ya nje ya seli), na hufanya mteremko laini kutoka mgongoni hadi mwisho wa tumbo. Mwanya ukiwa mwembamba kiasi hicho, protini kidogo inatosha kutoa ukolezi mkubwa. Tena matabaka yote mawili yanasoma mteremko mmoja, ndiyo maana ubongo unakaa juu ya notokodi na si pembeni yake.

Nzi wa matunda ana kodini yake pia, na mRNA yake ikidungwa kwenye chura inafanya kazi. Tofauti ni kwamba kwa nzi kizuizi hicho hutolewa upande wa tumbo, na neva za nzi ziko tumboni. Mwanasayansi wa wanyama Mfaransa, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, alikuwa amedai mwaka 1822 kwamba mdudu na mnyama mwenye uti wa mgongo wana mpango mmoja wa mwili uliopinduliwa. Alichekwa kwa zaidi ya karne.

Kichwa kinadai ukimya wa pili

Kuzima BMP kunatoa mgongo na shina, lakini hakutoi kichwa. Ukidunga nogini au kodini kwenye seli za tumbo za kiinitete chenye seli nne, pacha anayeota kwa kawaida hana kichwa. Ili kichwa kije, lazima Wnt8 inayotolewa pembeni na tumboni izimwe pia. Kipangaji kina vizuizi vya kazi hiyo: Frzb, ambayo ina kifundo kinachofanana na kipokezi cha Wnt na kuinasa kama mtego, na Dkk1, iliyoripotiwa mwaka 1998 na maabara ya Christof Niehrs mjini Heidelberg, ambayo haishiki Wnt bali hushika kipokezi mwenza, LRP6. Protini ya serberi, iliyopewa jina la mbwa wa Wagiriki mwenye vichwa vitatu, hushika Wnt, BMP na Nodali (protini nyingine ya amri), kila mmoja mahali pake. Ukiidunga tumboni huota kichwa kisicho na shina.

Wnt ina mtego uliowapotosha wengi. Kabla seli hazijafika kama 4,000, jeni za kiinitete karibu zote zimelala na kinachofanya kazi ni akiba ya mama. Wnt ikiwashwa kipindi hicho inatengeneza mgongo. Baada ya hapo, Wnt ileile inaharibu kichwa. Kwa hiyo mRNA ya Wnt8, ambayo husomwa mara tu inapodungwa, inakupa pacha mwenye kichwa. Jeni hiyohiyo ikidungwa kama DNA ya plazmidi (kipete cha DNA kilichobeba jeni), ambayo haisomwi mpaka jeni za kiinitete ziamke, inakupa kiluwiluwi kisicho na kichwa. Wawili wakibishana kuhusu kazi ya protini ya Wnt, uliza kwanza nani alidunga RNA na nani DNA.

Mezani

Jike wa Xenopus laevis hudungwa homoni ya hCG jioni, yuniti 500 hadi 800, na hutaga asubuhi. Jike huyo apumzike miezi mitatu kabla ya zamu nyingine. Mayai hukamuliwa kwenye kisahani, hupakwa korodani iliyosagwa, kisha humwagiwa maji ya chumvi yaliyopunguzwa hadi sehemu moja ya kumi. Baada ya dakika 20 hivi yaliyorutubishwa yamejigeuza, nusu nyeusi juu. Ute huondolewa kwa sisteini ya asilimia 2 yenye pH kati ya 7.8 na 8, dakika tatu hadi tano, mpaka mayai yasogeleane bila nafasi kati yake. Mwenye pupa huyaacha zaidi “kwa usalama”, na mayai yanapasuka. Asiyerekebisha pH anakuta ute hautoki kabisa, anaongeza muda, anapata hasara hiyohiyo.

Joto liwe kati ya nyuzi 14 na 23. Kwenye nyuzi 22 mgawanyiko wa kwanza huja baada ya dakika 90, na iliyofuata kila baada ya nusu saa hivi. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa bila kipoza hewa hakifai kwa X. laevis, X. tropicalis hustahimili nyuzi 25 hadi 28. Afrika Mashariki tuna wetu: X. victorianus wa ukanda wa Ziwa Victoria, X. muelleri wa pwani, na X. borealis wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Huyu wa mwisho alitumika maabara za Marekani kwa miaka akiitwa kwa jina la muelleri, hadi kosa hilo liliposahihishwa mwaka 1977. Ukisoma makala ya kabla ya hapo kuhusu “muelleri”, soma kwa shaka.

Ujazo wa kudunga hupimwa kwa kulidondosha tone kwenye mafuta na kulipima kipenyo chini ya hadubini. Kipenyo cha milimita 0.2 ni nanolita 4.2, milimita 0.27 ni nanolita 10. Kumbuka ujazo hupanda kwa mchemraba, hivyo kukosea kipenyo kwa asilimia 10 ni kukosea dozi kwa asilimia 33. Kiinitete chote ni kama mikrolita 1, usikipe zaidi ya nanolita 10 kwa seli hata kikiwa na seli mbili tu. Kwenye seli nne, zile mbili zenye rangi hafifu ni za mgongo, zenye rangi nzito ni za tumbo. Kuna fungu la mayai ambalo tofauti hiyo haionekani. Hilo usilitumie kwa jaribio la pacha.

Udungaji hufanyika kwenye maji mazito ya fikoli, aina ya sukari, ya asilimia 3 au 4 ili kidonda kisivujishe, lakini viinitete vihamishwe kwenye chumvi ya moja ya kumi kabla ya gastrula, yaani kabla seli hazijaanza kuzama ndani. Vikibaki kwenye chumvi nzito, tabaka la ndani hutoka nje badala ya kuingia, na mtu asiyejua atadhani protini yake ndiyo iliyofanya hivyo. Waliotumia urujuanimno wana mtego wao: miale huzuia tabaka la juu la yai kuzunguka kwa pembe ya nyuzi 30, mzunguko unaoupeleka mgongo upande wake. Ukikiinamisha kisahani baada ya hapo, uzito wa kiini cha yai huteleza wenyewe, na mgongo unarudi. Acha kisahani pale kilipo mpaka mgawanyiko wa kwanza upite.

BMP4 iliyosafishwa hunata kwenye plastiki. Bila albumini ya asilimia 0.1 kwenye maji, nusu ya dozi inaweza kubaki ukutani mwa kijichupa. Kofia nayo ikatwe ndogo, milimita 0.3 hadi 0.4, kwani kubwa zaidi hubeba tabaka la kati na kukupa neva za uongo. Pima jeni ya brachyury, alama ya tabaka la kati, kwenye kofia zisizodungwa kabla ya kuamini chochote. Protini iwekwe mara tu baada ya kukata. Baada ya dakika chache kofia hujifunga kama maandazi, na ngozi yake ya nje haipitishi protini.

Ukitaka kujua kama protini yako kweli inatoka na kufika kwa jirani, funika kofia iliyodungwa kwa kofia isiyodungwa yenye rangi ya kufuatilia. Sox2, jeni ambayo ni alama ya neva, ikionekana upande usiodungwa, protini imesafiri. Ikionekana upande uliodungwa tu, huenda haitoki, au inatoka na kunata palepale.

Mofolino, yaani nyuzi bandia zinazoishika mRNA ili protini yake isitengenezwe, zinahitaji tahadhari ya peke yake. X. laevis ana seti mbili za kromosomu kutoka kwa mababu wawili, hivyo jeni nyingi zina nakala mbili, na mofolino inayofunika moja tu hukupa matokeo nusu. Isitoshe, mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba mofolino huamsha kinga asilia ya kiinitete, hasa kwenye baridi. Weka mofolino bandia ya dozi ileile, na urudishe mRNA ambayo mofolino haiwezi kuishika. Kama mgongo haurudi, usichapishe.

Matokeo hupewa alama 0 hadi 10: 0 ni kipande cha tumbo, 5 ni kawaida, 10 ni kichwa na moyo pande zote bila shina. Anayetoa alama asijue kisahani kipi ni kipi. Na kabla ya hesabu yoyote, tazama ndugu wasiodungwa. Kama kati ya hao walio kawaida hawafiki tisa kwa kumi, fungu zima linamwagwa, na jioni anadungwa homoni jike mwingine.